Mipapai Niliyoipika Juu ya Bati

Nyie chekeni tu, maana Kasekese nzima imeshacheka, na mimi mwenyewe nikikumbuka najifunika shuka usoni. Mama yake Kabula, huyo binti ninayemuota hadi mchana, aliwahi kusema anatamani mipapai uani kwake, basi nikaona hapo hapo njia ya kukubalika imefunguka, nitamwoteshea miche kabla sijatuma mshenga (kichwani nilishayala mapapai yenyewe pamoja na wajukuu). Shida ni mbuzi wa jirani yetu hapa Mpanda, wanatafuna hadi kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo miche yote na viriba vyake, vile vifuko vyeusi vya plastiki, nikaipandisha juu ya bati la jikoni, na jua lenyewe lile la kabla ya mvua, mnalijua. Mchana majani yanalala, jioni namwagilia yanasimama, najisifu kweli mimi bwana shamba!

Siku ya siku nikaipakia kwenye bodaboda hadi Kasekese kwa kina Kabula, shati limepigwa pasi. Mashangazi wa Kabula wamejaa uani. Mama akachana kiriba cha kwanza, udongo wote ukamporomokea miguuni, mkononi akabaki na kijiti chenye kizizi kimoja cheusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Akachana cha pili, vile vile.

"Uliiweka wapi, baba?"

"Juu ya bati, mama, kwa sababu ya mbuzi…"

"Wee! Bati la moto na plastiki nyeusi? Mizizi umeichemsha, itashikaje udongo?" Akanitazama. "Na binti yangu utamweka juu ya bati?"

Nami kwa kiherehere changu, "Hapana mama, yeye nitamweka ndani!"

"Ndani? Na barua ya posa hajaleta!" Shangazi mmoja akadakia na kupiga kigelegele, Kabula akakimbilia jikoni, mimi natafuta shimo la kutumbukia.

Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa khanga, halafu akanifungia mbegu kwenye kipande cha gazeti. "Otesha kivulini. Siku nitakayochana kiriba udongo usimwagike, mshenga aje."

Sasa miche nimeijengea kibanda cha nyasi, mbuzi wakija wananikuta nimelala mlangoni. Juu ya bati sipandi tena, hata mpira ukinasa huko. Kila asubuhi nabonyeza viriba taratibu, na jamani, naona kama udongo umeanza kushikamana.