Aliicheka modeli ya kompyuta, shemejiye akapoteza vidole

Saa mbili kasorobo asubuhi, ghorofa ya tano ya mjengo mmoja mtaani Woodley, Lazarus Onzere anapangusa vumbi kwenye kioo cha tableti kwa mkono wa shati. Mafundi wake wanne wamesimama na misumeno, wanangoja. Hakuna paipu inayokatwa kabla mzee huyu hajamaliza kutazama.

Kwenye kioo, katika modeli ya kompyuta, jengo zima linaonekana kana kwamba limeshakamilika: kuta, nguzo, nyaya, mabomba. Onzere, mwenye umri wa miaka 53, analizungusha kwa kidole kimoja, taratibu, hadi anapoona alama nyekundu juu ya boriti ya zege.

"Paipu ya choo inagonga bimu hapa," anawaambia. "Isogee kando sentimita ishirini. Msiguse mpaka injinia aseme."

Ukimwona leo, huwezi kuamini kwamba mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa akiidhihaki tableti hiyo hiyo.

"Mimi nilikuwa kichwa ngumu. Andika hivyo hivyo," anasema.

Ulikuwa mjengo wa ofisi katikati ya jiji. Kabla zege halijamwagwa, mafundi wa paipu hufunga juu ya mbao vipande vya paipu vilivyosokomezwa karatasi za mifuko ya simiti, ili slabu, yaani sakafu ya zege, ikikauka, matundu ya kupitishia mabomba yawe yamebaki. Mara hii wenye jengo walikuwa wamehamisha vyoo, na mabadiliko yakaingia kwenye modeli siku hiyo hiyo. Ramani ya karatasi aliyokuwa nayo Onzere mfukoni ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

Injinia Kamene Mutua alimfuata na tableti.

"Nilimwambia, fundi, vyoo vimehama, njoo uone. Akanijibu alianza kufunga paipu kabla sijazaliwa. Watu wote wakacheka, nikashuka ngazi," anakumbuka Kamene. "Hadi leo najuta kushuka."

Zege lilipokauka, matundu yalikuwa upande mmoja wa bimu, vyoo upande wa pili. Aibu ikamshika Onzere. Badala ya kusema, Jumapili baada ya kanisa alimchukua Isaiah Luvai, ndugu mdogo wa mkewe Everlyn, wakaitoboe bimu hiyo ili paipu zipite, kwa tindo na nyundo, kimya kimya.

"Isaiah aliniuliza, 'Shemeji, si tumpigie Kamene kwanza?' Nikamwambia tutamwambia tukimaliza." Onzere anajipangusa uso. "Jamani! Na simu ilikuwa mfukoni."

Bonge la zege lilimeguka, likaubana mkono wa kulia wa Isaiah kwenye chuma cha jukwaa. Hospitalini alikatwa vidole vitatu. Alikuwa na miaka 29, na hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa kuunganisha paipu.

Onzere alifutwa kazi. Alikaa miezi minane bila ajira, hadi Kamene alipomwita Woodley kwa sharti moja: kila asubuhi modeli kwanza, spana baadaye. Tangu Januari hawajatoboa bimu hata moja, na vipande vya paipu vinavyotupwa havijazi karai.

"Zamani tungekuwa tumeshavunja slabu mara kumi," anasema fundi Maxwell. "Siku hizi makosa tunayaona kwenye kioo, tunayarekebisha tukinywa chai."

Sifa hizo zinamchoma Onzere.

"Kila nikiona hiyo rangi nyekundu nawaza, ningeangalia dakika mbili tu. Dakika mbili!"

Siku hizi Isaiah anauza mitumba ya watoto Dagoretti Corner. Kila Ijumaa Onzere humpitia kumwomba arudi: si kushika spana, bali tableti, akague kazi kabla mafundi hawajaanza. Kamene amekubali, lakini nafasi hiyo itamngoja mpaka mwisho wa mwezi tu. Onzere amejifunza modeli kwa wiki sita ili amfundishe yeye mwenyewe.

Ijumaa iliyopita, mwandishi aliandamana naye. Isaiah alimsikiliza huku akikunja nguo kwa mkono wa kushoto.

"Shemeji, sijakukasirikia," alisema mwishowe. "Lakini siku ile niliongea, hukunisikia. Sasa nikishika hiyo kitu nikuambie simama, utasimama?"

"Nitasimama," alisema Onzere. "Hata mbele ya watu wote."

Isaiah alimhudumia mama mmoja aliyetaka sweta, kisha akauliza kazi Woodley huanza saa ngapi.