Ampea Hazipigiwi Kura

Jumapili iliyopita, nikiwa bado nimevaa nguo za kanisani, nililetewa habari kwamba fundi mmoja wa Turwa, pale Tarime, amefariki dunia. Ninyi wasomaji wangu wa siku zote hamkumfahamu. Hakuwa mkubwa wa mahali popote. Miaka yake ya mwisho alikuwa akitengeneza redio na pasi kibarazani kwake. Nilikwenda kuzika, nikarudi na aibu ambayo nimeikwepa tangu enzi za ujamaa, na leo sina pa kuiweka isipokuwa hapa.

Wakati huo nilikuwa katibu wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Serengeti, kijana wa kidato cha nne mwenye kalamu mbili mfukoni na majivuno ya kutosha kijiji kizima. Tulikuwa na jenereta ndogo kwa ajili ya jokofu la chanjo la zahanati na taa chache, na marehemu ndiye aliyeitunza. Yeye alisoma hadi darasa la nne tu, umeme akaujulia migodini. Hesabu zake alizipiga kwa chaki juu ya kifuniko cha sanduku la vifaa, kisha akapima tena kuhakikisha. Mimi niliyefundishwa fizikia darasani sikuwahi kupima kitu.

Ikaja barua kwamba mgeni mzito kutoka mkoani angetutembelea. Mwenyekiti akataka mgeni anywe chai iliyochemshwa kwa umeme, ayaone maendeleo kwa macho yake. Akaazima jiko kuukuu la sahani mbili, maandishi yake yote yamefutika. Fundi akaliunganisha lenyewe tu kwenye jenereta, akapima: volti 230, ampea 9.2. Akaniita.

"Mura, kijana wangu, njoo uone. Gawa volti kwa ampea, unapata ukinzani wa omu ishirini na tano. Ukinzani mdogo, ndiyo maana linavuta umeme mwingi. Sasa zidisha volti kwa ampea: wati elfu mbili mia moja na kumi na sita. Jenereta yetu mwisho wake elfu mbili mia tatu. Ukiwasha jiko, kinachobaki ni taa tatu tu za wati sitini. Jokofu utaliweka wapi?"

Nilirudia hesabu ile kwenye daftari langu. Ilikuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho.

Kwenye mkutano wa kijiji akayasema hayo hayo. Siku zile kila jambo liliamuliwa kwa kunyosha mikono, kuanzia zamu za shamba la pamoja hadi mahali pa kuchimba choo cha shule, na mwenyekiti hakuona kwa nini jiko liwe tofauti. "Wanaokubali jiko na taa zote ziwake pamoja, wanyoshe mikono!" Mikono ikapanda. "Ndugu Mwenyekiti," fundi akasema taratibu, "ampea hazipigiwi kura." Watu wakacheka. Mwenyekiti akamuuliza kama anapinga maendeleo, kisha akanigeukia: "Ndugu Katibu, wewe msomi unasemaje?" Daftari lilikuwa mapajani mwangu, limefunuliwa ukurasa ule ule. Nikanyosha mkono. Niliogopa kuitwa mpinzani, na nilitamani kusifiwa mbele ya mgeni.

Siku yenyewe tuliwasha kila kitu, hata taa, mchana kweupe. Fyuzi ikakata. Mwenyekiti akaamuru mahali pake uwekwe waya mnene. Fundi akakataa, akasimama kando. Nikauweka mimi, kwa mikono yangu hii. Chai haijachemka, jenereta ikatoa moshi, ikanyamaza, na chanjo za watoto zikaharibika kwa joto. Mgeni akauliza nani fundi hapa, na neno hujuma likatamkwa. Kesho yake niliandika muhtasari: "Fundi alithibitisha kuwa mtambo utahimili." Ukurasa wa hesabu nikauchana. Akaachishwa kazi kwa karatasi yangu. Alipopita ofisini kuniaga alisema tu, "Katibu, wewe hesabu unaijua." Angenipiga ngumi ningepata nafuu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, imepita vyeo viwili vitatu na kufika kwenye safu hii ninamowahubiria uadilifu. Tunapenda kuzilaumu zama zile, kwamba wakubwa hawakutaka kupingwa. Ni kweli, lakini tusiwatwike wakubwa mzigo wote. Tangu hapo nimekaa katika vikao vingi, vya siasa nyingine kabisa, na nimewaona wasomi wakinyosha mikono huku jibu wanalo daftarini. Asiyejua anaweza kusamehewa. Sisi tulijua.

Msibani, binti mkubwa wa marehemu aliniomba nisome historia ya baba yake, maana mimi ni mtu wa kalamu. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja, akaninong'oneza: "Mzee, hapa alipofukuzwa kwa kuunguza jenereta ya kijiji, naomba tuparuke. Sisi watoto tunaona aibu." Kumbe hakuwahi kujitetea hata nyumbani kwake! Nami, nimesimama mbele ya jeneza lake, watu wote wakinisikiliza, nikaparuka.

Ukilijua jibu ukalinyamazia, kosa halipotei. Mwenzako atalibeba, na pengine watoto wake pia. Binti, baba yako alipiga hesabu sawasawa. Jenereta niliiunguza mimi.