Mipaina Iliyokatwa Mapema

Mkopo wangu wa chuo mama aliuchukia kuliko mimi niliyeutumia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa kabla sijauona, na nilishazoea. Mama hakuzoea, kwa sababu yeye ndiye aliyenidhamini. Alikwenda Mafinga kupiga picha ya pasipoti, ikabandikwa kwenye fomu, akaweka sahihi yake ya herufi kubwakubwa. Tangu siku hiyo akajiona ndiye mdaiwa.

"Mama, wanakata kwangu," nilimweleza hadi nikachoka. "Wewe hakuna anayekudai."

"Sura yangu iko kule. Kwani ile picha ya nani?"

Hofu yake najua ilikotoka. Siku tunamzika baba, msemaji aliuliza kama inavyoulizwa kwenye kila msiba: kama kuna anayemdai marehemu, aonane na familia. Watu wenye adabu husubiri, kisha huja kuzungumza pembeni. Jirani yetu mmoja hakusubiri. Alisimama palepale makaburini, mbele ya kijiji kizima, akadai hela ya mbao alizomkopesha baba. Mama akajifunika uso kwa kitenge. Alilipa matanga hayajaisha, lakini mpaka leo hapiti mbele ya nyumba ya yule bwana.

Sasa, nyuma ya nyumba mama alikuwa na shamba la mipaina. Aliipanda mwenyewe, akaipalilia, na kila kiangazi alifyeka njia ya moto kuizunguka. Nilipokwenda likizo akaniambia anataka kuiuza tumalize deni. Nikapandwa na hasira. Miti ilikuwa bado myembamba! Ukiiuza hivyo inakuwa mirunda, zile nguzo za kuegemeza zege, na nyumba ya watu ikikauka zinakwenda jikoni kuwa kuni. Ukivumilia miaka michache unapata mbao, unalipa deni, na chenji inaezeka jiko lake linalovuja.

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na nikifa kabla ya hizo mbao?"

"Nani kakwambia unakufa?"

"Nani kakwambia sifi?" Akaenda zake kuangalia maharage.

Nilirudi Mbeya nikidhani yamekwisha. Mwezi haukupita, hela ikaingia kwenye simu yangu. Alikuwa ameuza shamba zima, miti ikiwa imesimama, kwa mfanyabiashara wa mirunda. Nikampigia nikafoka kama nafokea wanafunzi. Akaniacha nimalize.

"Umemaliza? Haya, kalipe."

Kulipa kwenyewe sikutaka. Mwenzangu wa ofisini alinicheka. "Dada, hiyo hela nunua kiwanja Mbalizi. Deni la serikali linakukimbiza wapi? Acha likatwe polepole." Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hesabu zote, zangu na za kila niliyemuuliza, zilisema nisilipe. Nilikwenda hadi Mbalizi kukiona kiwanja. Kilikuwa kizuri, tambarare, karibu na barabara. Dalali akawa ananionyesha mipaka, mimi namwona mama amejifunika kitenge. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia yule jirani, nikaikasirikia hata ile picha. Jumatatu nikalipa deni lote.

Nilipokwenda kumwambia, alinipokea kwa salamu ya kwetu, "kamwene" ya furaha, akanishika mkono hadi shambani. Visiki vitupu, na utomvu ukinukia. Nilishindwa kujizuia.

"Umeona ulivyofanya, mama? Miaka yote ile."

"Miti itaota mingine." Akapanda juu ya kisiki, akarekebisha kitenge kiunoni, kisha akatoa sauti nzito ya msemaji wa misibani. "Ndugu zangu! Kuna anayemdai marehemu?"

Akasubiri, akinitazama usoni. Hakuwa anatania.

Mdai nilikuwepo. Nilimdai mbao, nilimdai jiko lisilovuja, nilimdai kiwanja cha Mbalizi. Upepo ukapita pale ambapo zamani ungezuiwa na miti.

Nikanyamaza.

"Eeh," mama akasema, akishuka taratibu. "Hivyohivyo. Siku yenyewe ikifika, iwe hivyohivyo."