Viti vya Gari la Kaka

Mnunuzi wa kwanza alikuja na gunia. Nilipomwona anashuka kwenye baiskeli akiwa amelikunja kwapani, nilidhani anapitia sokoni. Tukasalimiana vizuri, akalizunguka gari mara mbili, akagonga bodi kwa vidole, akainama kutazama springi. Nikamfungulia mlango aingie asikilize injini. Akalikunjua gunia lake, akalitandika kwenye kiti cha dereva, akazinyoosha pembe zote nne, ndipo akaketi. Mikono aliibana mapajani asije akagusa kitu.

Nilimwambia ashuke, na sikumwambia kwa adabu. Mtu huyo huyo, miaka miwili nyuma, mke wake alishikwa na uchungu mvua ikinyesha, na kaka yangu akampeleka hospitalini kwa gari hilo hilo. Hakuna aliyetandika gunia siku hiyo. Wifi yangu ndiye aliyekiosha kiti cha nyuma asubuhi yake, na mtoto alizaliwa mzima. Nilimkumbusha yote hayo mbele ya majirani waliokuwa wamesimama uani. Akanijibu kwa upole kwamba wakati ule kaka alikuwa bado hajaugua. Upole wake ulinikera kuliko gunia lenyewe. Akalikunja, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaenda zake.

Sasa nimezeeka, na watu huniambia niyaache. Siyaachi. Nikilikumbuka lile gunia damu bado inanichemka, na ningependa ibaki hivyo, kwa sababu hasira yangu juu ya yule bwana ni rahisi kuibeba kuliko ile nyingine nitakayoieleza.

Gari lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, bodi ndefu iliyolala chini, usukani kushoto, injini ya silinda nane. Kabla ya vita vya Kagera lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa kahawa pale Bukoba mjini, na sisi tuliokuwa tukisoma huko tulilisikia kabla ya kuliona. Mabomu yalipoanza kuanguka mjini, mwenyewe alipakia familia yake akakimbilia kusini kama watu wote. Petroli ikamwishia Kimwani. Akaliacha kando ya barabara, wakadandia lori, na hakurudi kulichukua.

Kaka yangu alikuwa dereva wa malori yaliyopeleka chakula kwa askari wetu. Vita vilipokwisha alilikuta nyuma ya nyumba ya mtu, halina magurudumu, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Akamsaka mwenyewe hadi akampata, wakaandikiana, akalivuta kwa trekta mpaka kwetu Buganguzi. Baba yetu, aliyekuwa hai bado, alimwuliza kama kuku nao wamo kwenye mapatano.

Alilitengeneza kwa miaka minne. Vipuri vya gari la namna ile havikupatikana Kagera, wala sidhani vilipatikana popote nchini, kwa hiyo alilibadilisha. Barabara zetu zingelikwangua tumbo, akaliinua kwa springi za Landrova. Giaboksi ilikuwa imevunjika meno, akaweka ya lori lililoachwa na vita. Rangi ya buluu aliipiga kwa bomba la kupulizia dawa ya mibuni, ndiyo maana ukilitazama kwa karibu lilikuwa na vipelevipele. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni nilimshikia spana mpaka nikajua kusafisha kabureta peke yangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Wanaume wa kijiji walicheka kwanza, kisha wakaanza kuniomba lifti.

Viti alivishona mke wake. Alikuwa fundi wa nguo, lakini ngozi ya ng'ombe haipiti kwenye cherehani ya nguo, kwa hiyo alivishona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Ndani alijaza sufi. Msimu mzima wa mvua alikaa barazani na ngozi magotini, vidole vimefungwa vitambaa, na kila kaka alipopita alimwambia anyooshe mshono, naye akamwambia akanyooshe bati. Mishono ilinyooka kama mistari ya daftari. Sijaona viti kama vile tena.

Kisha kaka akaanza kukonda. Sitaieleza safari ile ya ugonjwa, maana kila nyumba ya kwetu iliijua miaka ile. Niseme tu kwamba nilikuwa naendesha mimi, kwenda hospitalini na kurudi, na wifi alikaa nyuma amemlaza kichwa mapajani. Ukimwi watu waliuita silimu, kwa kunong'ona, na mazishini ikasomwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Wengine walisema amerogwa kwa ajili ya gari. Nilikuwa nawaona walionong'ona wakila chakula chetu cha matanga, nikawa natamani kuwapokonya sahani.

Miezi mitatu kabla hajafa alinipeleka Bukoba, akaniandikishia kadi ya gari kwa jina langu. Aliujua ukoo. Yeye na mkewe hawakuwa na mtoto aliyebaki hai, na mjane asiye na mtoto kwenye kibanja cha ukoo, nyumba na shamba lake la migomba, hupewa asante na kufungiwa mzigo wake. Tukiwa njiani kurudi akanieleza anachotaka.

"Liuze zima, usiwaache walikate," alisema. "Umnunulie kibanja kwao Rubafu. Kiwe cha jina lake, asije akafukuzwa na mtu tena."

Nikamwahidi. Baada ya matanga baba mdogo akatangaza kwamba kahawa ikishavunwa, ukoo utakaa kumsimika mrithi, na mjane atarudishwa kwa ndugu zake mikono mitupu. Mibuni ilikuwa imeshaanza kuwa myekundu. Huo ndio muda niliokuwa nao.

Baada ya yule wa gunia alikuja karani mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwonyesha kadi. Akalisoma jina langu kwa sauti, akanirudishia, akauliza azungumze na mwanamume gani. Huyo nilimwambia azungumze na baiskeli yake. Akaja mchuuzi wa samaki kutoka visiwani, ambaye hakuuliza nani amekufa wala kwa nini. Alitaka injini tu, aifunge kwenye boti lake la kubebea sangara. Bodi, alisema, inaweza kurudi kuwa banda la kuku. Nilimkatalia kwa sababu ya neno la kaka, lakini kati ya wote waliokuja ndiye pekee ambaye sikumchukia.

Wa nne alikuwa bwana mwenye baa Bukoba mjini. Alikuja na dereva wake, akasimama hatua kumi, akamwamuru dereva apige stata. Injini ilipounguruma niliona uso wake ukifunguka. Alitaka gari la kubebea maharusi, na tangu hapo, alisema, hakuna harusi ya maana mjini itakayofanyika bila gari lile. Bei hakuibishia. Kisha akasogea, akachungulia ndani, akauliza juu ya viti.

Alisema bibi harusi hawezi kukalia pale. Nikivitoa nikavichoma, yeye atakuja Jumamosi na fedha zote na viti vyake. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, kwamba daktari alikuja shuleni akatufundisha, ugonjwa ule haukai kwenye ngozi ya ng'ombe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hata mimi najua," akasema. "Ila wateja wangu hawajui."

Nilikasirika mpaka usingizi ukanipotea siku mbili. Mjinga ningemsamehe. Huyu alijua, akataka tuchome hata hivyo, na alitaka nichome mimi.

Nikachoma mimi. Ijumaa wifi alikwenda sokoni Muleba, nami nikamwomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa. Nikafungua bolti moja moja kwa spana za kaka, nikaviburuta viti hadi nyuma ya nyumba, kwenye ukingo wa migomba, nikamwagia mafuta ya taa. Sufi iliwaka mara moja. Ngozi ilichelewa, ikajikunja taratibu, na mishono ikaonekana mpaka dakika ya mwisho. Majirani walitoka kutazama. Niliona nyuso zao zimetulia, kama watu walioondolewa mzigo, na baba mdogo akaja kunishika mkono na kunisifu kwamba kusoma kwangu kumesaidia. Sifa ile ingetosha kunizindua. Lakini viti vilikuwa vimeshaungua.

Wifi alirudi moto ukiwa makaa. Alisimama na kikapu kichwani, akatazama gari lililo wazi ndani, akatazama majivu. Hakulia. Akatua kikapu kwanza.

"Wifi, na kitanda chetu umeshakichoma?" aliniuliza.

Nikasema hapana.

"Na mimi mtanichoma lini?"

Nilianza kumweleza. Nilimtajia Rubafu, nikamtajia kibanja, Jumamosi, mibuni inayoiva, neno la kaka. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, na katikati ya maelezo nikaisikia sauti yangu ina upole ule ule wa mtu wa gunia. Aliokota kikapu chake akaingia ndani. Usiku ule hakupakua chakula changu, nami sikuuliza.

Jumamosi yule bwana akaja. Dereva wake alikuwa na viti vyekundu vya plastiki, akaanza kuvifunga huku sisi tukiandikiana kwenye kivuli chembamba cha paa. Bwana alikuwa na furaha. Alikuwa ameshatoa bahasha ndani ya koti alipoinua macho na kumwona wifi amesimama kwenye mlango wa jiko, amejifunga kaniki ya msiba. Mkono wenye bahasha ukasimama.

"Na yule ni nani?"

Nilijua anachouliza. Alitaka kujua kama mwanamke yule ndiye aliyemuuguza marehemu, kama ameliosha gari, kama analigusa, kama mjini watasema. Ningejibu ukweli, bahasha ingerudi kwenye koti, kahawa ingevunwa, na ukoo ungekaa. Mimi, niliyemfukuza mtu kwa ajili ya gunia, sikuchukua hata muda wa kumeza mate.

"Jirani," nikasema.

Ua wetu haukuwa mkubwa. Wifi alinisikia, akageuka akaingia jikoni. Nikapokea bahasha, nikasaini, na gari likatoka kwa mngurumo ule ambao kaka aliutafuta kwa miaka minne. Nilisimama nikilisikiliza mpaka lilipoingia barabara kuu.

Ahadi niliitimiza yote. Kibanja nilikinunua Rubafu kwa jina lake, mashahidi wakatia sahihi, kabla kikao cha ukoo hakijakaa. Baba mdogo alipiga kelele kwamba nimeuza mali ya marehemu, nikamwambia aende wilayani akasome kadi ile imeandikwa jina la nani. Siku hiyo hasira yangu ilinifaa, na wala siijutii. Wifi aliondoka na cherehani yake na masanduku mawili. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, waitu," kwa sauti ile tunayoitumia kwa wakubwa wa ofisi.

Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa, nilikwenda kumtembelea. Nilibeba sukari na kitenge. Alikuwa amenenepa, tena vizuri, na migomba yake ilikuwa imepogolewa safi kuliko ya jirani zake. Alinipa kigoda, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani kama mgeni anavyostahili. Alinionyesha miche ya mibuni aliyoipanda. Sikuona dalili ya kinyongo, na nikaanza kufikiri kwamba mambo yamekwisha, kwamba naweza kumwomba radhi bila kulazimika kutaja kitu chenyewe.

Ndipo akaja mwanamke wa nyumba ya pili kuazima jembe. Akatusalimia, akanitazama nguo zangu za safari, akamwuliza wifi kwa Kihaya mgeni wake ni nani. Wifi alinitazama usoni, bila ubaya wowote, akamsogezea yule mwanamke kisahani cha kahawa achukue.

"Ni jirani," akasema. "Wa kule nilikokuwa nakaa."

Yule mwanamke akanisalimia upya kwa heshima, akachukua kahawa yake na jembe, akaondoka. Nami nikaendelea kutafuna.