Sanduku la Herieth lahama na watu wake

Upepo wa Juni unapiga mabati ya soko la Mazwi, huku Ufipa, na Herieth Katepa ameshavaa masweta mawili. Anafungua stesheneri yake, anapangusa kompyuta kwa upindo wa kitenge, kisha anaunganisha waya wa simu na modemu. Modemu inalia, inakoroma, inanyamaza. Anarudia. Waliokaa kwenye benchi hawashtuki, wamezoea.

Leo ni siku ya mwisho ya anwani yao. Jamvi, kampuni ya Dar es Salaam iliyokuwa ikitoa barua pepe za bure, inafunga huduma hiyo jioni. Wateja wengine wamekwishahama kimya kimya, kila mtu na lake. Herieth hakuweza. Anwani yake ni moja, na wanaoitumia wametapakaa kuanzia Mollo hapa jirani hadi Kipili na Wampembe, kule ziwani.

Msomaji wa mjini atacheka: anwani moja, watu wote hao? Asicheke. Huku barua za posta zimekuwa zikija kwa sanduku la parokia tangu enzi za babu zetu. Misa ikiisha, majina yanatajwa, mwenye jina anaitika "nipo" na kupokea bahasha yake. Barua pepe ilipopanda Ufipa, watu hawakuona sababu ya kubadili utaratibu. Mtumaji anaandika jina la mlengwa juu kabisa, Herieth anachapa, anataja, anaitikiwa. Za mbali anazikabidhi kwa madereva wa malori ya dagaa.

"Mtu akipata habari njema, wenzake waisikie," anasema. "Akipata msiba, asiusome peke yake."

Alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika. Chama kilipofilisika, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Shemeji zake wakamshauri anunue cherehani kwa kiinua mgongo chake. Yeye akanunua kompyuta kuukuu, wakamwona amerukwa na akili. Leo anatoza shilingi mia mbili kwa ukurasa, watoto wake wawili wako sekondari, na shemeji hao hao wanakaa kwenye benchi lake. Akilisimulia hilo, hafichi tabasamu.

Tangazo la Jamvi lilipotoka, Herieth alikosa usingizi. Cleophas, kijana mwenye kafe ya intaneti ng'ambo ya barabara, alimwambia mambo ni rahisi, ahamie kwa Wamarekani, ni bure na nafasi ni kubwa mno. Akajaribu. Kwa laini ya simu ya hapa, ukurasa wao uliojaa picha na matangazo ulifunguka chai ikiwa imeshapoa kikombeni. Tena wana sheria kwamba sanduku lisilofunguliwa kwa mwezi linafutwa. Masika iliyopita mvua iliangusha nguzo, na mji ukakaa bila simu zaidi ya mwezi.

"Halafu nikigombana nao, nampigia nani?" anauliza. Cleophas mwenyewe alicheka.

Akazunguka kwenye simu, akauliza kampuni baada ya kampuni. Mwisho akaangukia moja ndogo ya Dar es Salaam, ya kulipia kwa mwaka, lakini ukurasa wake ni mwepesi na simu inapokelewa na mtu. Dada aliyepokea ndiye aliyemfumbua macho. Alimweleza kuwa jina la anwani linaweza kusajiliwa likawa mali yao, hivyo hata kampuni ikifa kesho, wanahamia nyingine na jina lao lile lile.

"Nilijiona kama mtu aliyepanga chumba miaka yote, kumbe kiwanja kilikuwa kinauzwa," anasema Herieth.

Ada ilipatikanaje? Hapa ndipo ninapovua kofia. Hakumwomba mtu. Watu wa ziwani walileta dagaa. Wakulima walileta mahindi na ulezi. Masunga, mfugaji aliyehamia Mollo kutoka Usukumani, alikuja akivuta mbuzi.

"Mimi najua kuhama," Masunga ananiambia. "Nimekuja huku na ng'ombe wangu kwa miguu. Huhami mpaka uwaambie waliobaki nyuma unakwenda wapi."

Ubishi ukaja kwenye jina. Wengine walitaka la Ufipa, Masunga akauliza yeye Msukuma ataingilia mlango gani. Watu wa Wampembe walitaka la ziwa. Walibishana benchi zima, hadi mmoja akasema kila mtu tayari analiita Sanduku la Herieth, kuna haja gani ya kusumbuka? Likapita. Herieth aliona haya, akainamia kibodi kama anatafuta herufi.

Kisha wakafanya kama alivyosema Masunga. Kila aliyewahi kuwaandikia alitumiwa anwani mpya. Wote walijibu, isipokuwa mmoja.

Huyo ni Adriano, mtoto wa Bi Bertha wa Wampembe, anayesomea udaktari wa mifugo huko Urusi. Adriano hana anwani yake. Kila mara anaandika kwa kuazima ya mwenzake, leo Mzambia, kesho mwingine. Tangu Pasaka amekaa kimya. Herieth aliandika kwa wote waliowahi kumwazima. Barua nyingine zilirudi, nyingine zilimezwa. Kijana akiandika kesho kwenye anwani ya zamani, barua yake itapotelea hewani. Atadhani mama amemtupa, na mama atadhani amekufa.

"Niliwazaa wanne," anasema Bi Bertha. "Amebaki huyo." Amekuja jana kwa lori la dagaa, na ndiye wa kwanza kwenye benchi.

Modemu inakubali. Herieth anafungua sanduku la zamani. Hamna kitu, ila kwaheri ya Jamvi. Bi Bertha anakaza kanga yake. Herieth anafungua sanduku jipya, na printa inaanza kukwaruza.

Anasimama na karatasi mkononi.

"Masunga."

"Nipo."

"Mama Adriano."

Bi Bertha ameinuka kabla jina halijaisha. Herieth anasoma. Kijana alipelekwa mazoezini kwenye shamba la ng'ombe mbali na mji, kusiko na simu. Aliporudi, yule Mzambia alimwonyesha ujumbe wa kuhama. Ni mzima. Anauliza kama paa la jikoni limeezekwa. Bi Bertha anaomba lile neno "mzima" lirudiwe, linarudiwa, na machozi yanamtoka waziwazi. Benchi zima linamshukuru Mungu. Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na kazi ya kupangusa miwani.

Herieth ananiambia mwakani anataka kompyuta ya pili, watu wajifunze kufungua barua wenyewe, na Cleophas ameahidi kusaidia kufundisha. Majina, anasema, ataendelea kuyataja.

Kumebaki karatasi moja. Herieth anaitazama, anaiingiza chini ya kibodi. Bi Bertha hajui kusoma, lakini macho anayo. Anauliza ni ya nani.

"Ni yangu, mama. Adriano ameniandikia na mimi."

"Basi taja."

Miaka yote hiyo sanduku limebeba jina lake, na hakuna aliyewahi kumwandikia yeye. Anaitoa ile karatasi, anasimama tena, na sauti iliyozoea kufika hadi barabarani inatoka ndogo.

"Herieth Katepa."

Benchi linasubiri.

"Itika, mwanangu," anasema Bi Bertha.

"Nipo."