Ruhusa ya Walburga

Walburga Ngonyani alifundisha chekechea ya parokia kule Namtumbo miaka mingi bila cheti. Alipovuka arobaini, watoto wakiwa wamekua, akapata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu mjini Songea, mwaka wa kwanza, pamoja na vijana wa rika la binti zake.

Siku ya kupokelewa wanafunzi wapya alivaa kitenge chake cha kanisani, akashika pochi. Alipoingia ukumbini, vijana wote wakasimama.

"Shikamoo, madam."

Alipaswa kuwaambia. Badala yake akaitikia marahaba, akijisemea kwamba shikamoo ni haki ya umri wake. Wakamvutia kiti cha mbele, naye akakaa. Ilikuwa tamu.

Muda si mrefu binti mmoja wa Mbinga, Pamela, akamwinamia na kuomba ruhusa. Begi lake lilikuwa limesahaulika kwenye basi, alitaka kulifuata stendi.

"Nenda, mwanangu," Walburga akasema. "Usichelewe."

Pamela alikuwa ametoka tu, akaingia mkufunzi, Muhsini, kijana wa ndevu chache, akaanza kugawa vitanda vya hosteli. Aliyeitwa asiitike, kitanda chake kilikwenda kwa mwingine. Jina la Pamela likaitwa, likarudiwa. Walburga alijua aliko, lakini ulimi ulikuwa mzito, maana angeulizwa nani kamruhusu. Kisha likaitwa jina lake mwenyewe. Akanyanyuka kutoka kile kiti cha mbele. Nyuma mtu akacheka, na baadaye ukumbi mzima.

Pamela aliporudi, vitanda vilikuwa vimekwisha. Akajitetea kwamba mwalimu alimruhusu, akamwonyesha Walburga kwa kidole. Safari hii hakuna aliyecheka. Muhsini akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa na wewe ni mwanafunzi."

Pamela akapanga chumba mtaa wa Lizaboni, mbali na chuo. Jioni wenzake walipokaa hosteli kujadili masomo, yeye alikuwa njiani. Mvua zilipoanza, alifika kipindi cha kwanza sketi imejaa tope. Walburga, kitandani kwake, alisikia mabinti wakiulizana maswali ya mtihani, akajifunika shuka gubigubi. Alipomfuata kumwomba radhi, Pamela alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mimi nilikuamini tu, mama," akasema, akaenda zake.

Ndipo Walburga akamwendea matroni, akamsihi yeye na Pamela wabadilishane nafasi. Alizungushwa sana kabla ya kukubaliwa. Pamela akahamia hosteli. Hakushukuru sana, wala Walburga hakutegemea. Akafunga vitu vyake, akahamia chumba cha Lizaboni.

Mumewe, Thadeo, alipopiga simu kuuliza kwa nini amehama, alimjibu kwamba hosteli ina kelele za watoto. Thadeo akamsifu, akasema mtu mzima hujua kujitunzia heshima yake. Walburga akasingizia mtandao unakata, akazima simu, akaketi pale pale, uso kaufunika kwa viganja.