Jiwe la Mama Nyemo

Nilikwenda Haneti kwa sababu ya kiherehere. Nilikuwa mwalimu wa jiografia pale Dodoma, na katika miaka ile ya ruksa, wakati kila mtumishi alikuwa na mradi wake pembeni, mradi wangu ulikuwa kutafuta sifa. Basi Rehema, mwalimu mwenzangu wa fizikia, aliposikia kuna mama huko Haneti mwenye jiwe lililoanguka kutoka angani, nilidakia: "Niachie mimi."

Alfajiri ya Jumamosi nilidandia lori la chumvi na marobota ya mitumba. Mfukoni nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio. Njia nzima niliwahutubia abiria: kijiwe kinachozunguka huko mbali angani bado si kimondo; kikiingia katika hewa yetu kikawaka, mwanga ule ndio kimondo; kinachosalia na kufika ardhini ndilo jiwe la kimondo. Mama mmoja aliyepakata kuku akauliza, "Na ukiliokota, utalijuaje?" Nikamjibu kwamba jicho la msomi halikosei. Nadhani hata yule kuku hakuniamini.

Saa tano tulifika. Mama Nyemo alinikaribisha kwa ugali wa uwele na mlenda, majirani wakajaa uani. Jiwe lake lilikuwa limekandamiza kifuniko cha chungu cha mbegu: jeusi, laini, kubwa kama ngumi, lakini zito ajabu.

"Nililiona likianguka, nikiwa msichana nachunga mbuzi," alisema. "Tangu hapo wananiita mwongo. Leo Mwalimu atasema."

Jirani yake, Mzee Chalo, mtani wa kijiji kizima, alikwenda shambani kwake akarudi na jiwe jeusi lenye matundu kama kitumbua. "Kama mawe yanaanguka, basi hili ni langu!" Watu wakacheka.

Nikatoa sumaku kwa mbwembwe. Iling'ang'ania jiwe la Mama Nyemo. Kwenye la Mzee Chalo iliteleza ikaanguka. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikayatazama yale matundu nikaona moto wa mbinguni ukitokota, nikatangaza kwamba la Mzee Chalo ndilo jiwe la kimondo, na la mama ni jiwe tu lenye kutu. Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama Nyemo alikusanya vyombo akaingia ndani.

Jumatatu, katika ofisi ya walimu, Rehema aliligeuza mara moja tu lile jiwe nililopewa na Mzee Chalo.

"Haya ni mavi ya chuma, Mwalimu. Wahunzi wa zamani waliyaacha walipoyeyusha chuma. Jiwe la kimondo kwa kawaida halina matundu hivi. Huwa zito, lina ngozi nyembamba nyeusi ya kuungua, na mara nyingi sumaku hulishika. Uhakika watautoa watu wa madini." Akanitazama. "La yule mama ulilipima?"

Nikajifanya natafuta chaki. Wiki ile niliona aibu kwelikweli. Sifa nilizitafuta mimi, fedheha nikamwachia mama wa watu.

Jumapili nilirudi Haneti, nikasimama nje ya kanisa watu walipokuwa wakitoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu bila kunitazama.

Nikawaambia wote: mama alisema kweli, mjinga nilikuwa mimi.

"Rudia kwa sauti," alisema Mama Nyemo. "Mzee Chalo hasikii vizuri."

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu hata Mzee Chalo alivua kofia.

Nyumbani kwake, Mama Nyemo alilitoa jiwe chini ya kitanda, limefungwa kwenye kanga, akalirudisha juu ya chungu. Nilimwomba nilipeleke kwa watu wa madini mjini. Akatikisa kichwa.

"Waje wao. Hili limeshatembea vya kutosha."

Nikapanda lori mikono mitupu. Abiria mmoja aliniuliza nafundisha nini, nikamwambia bado najifunza.